Tanbihi Zinazochelewa Kufunguka: Acheni Kufuta Vitabu

Naulizwa tena na tena: nifute vitabu vingapi ili tanbihi zifunguke haraka kwenye kifaa changu cha kusomea? Usifute hata kimoja.

Kitabu usichokisoma hakifanyi kazi yoyote. Kinajaza nafasi tu. Ukigusa namba ya tanbihi, kifaa hakipekui maktaba yako, kinahangaika na kitabu kimoja kilicho wazi. Kitabu cha EPUB ni mafaili kadhaa yaliyobanwa pamoja, na kwa kawaida kila sura huwa na faili lake. Tatizo huanza pale mchapishaji anaporundika tanbihi zote katika faili moja mwishoni. Ukitaka tanbihi ya 7, kifaa hulazimika kulifungua faili lote, kulichambua na kupanga mistari yake, kisha ndipo kikuoneshe sentensi mbili ulizozihitaji. Ni kumwaga gunia zima la mchele kwa ajili ya punje moja. Riwaya ya David Foster Wallace, Infinite Jest, ya mwaka 1996, ina tanbihi 388, na baadhi zinachukua kurasa kadhaa. Hata ikiwa peke yake ndani ya kifaa, mzigo huo haupungui.

"Lakini mimi nilifuta, ikasaidia!" Mara nyingi uligusa tanbihi kwa mara ya pili, faili likiwa limeshapangwa. Au ulikuwa umetoka kuingiza vitabu vingi kwa mkupuo, kifaa kikawa bado kinaorodhesha maneno ya vitabu hivyo. Ungekiacha kimalize, kingetulia chenyewe. Kununua kadi kubwa ya kumbukumbu ni kutupa pesa. Kibaya zaidi ni ushauri wa kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani: msomaji anapoteza alama na maelezo yake yote ambayo hakuyahifadhi kwingine, na tanbihi zinabaki vilevile.

Fanya haya. Kama kitabu hakijafungwa kwa kufuli la kidijitali, kifungue katika kihariri cha programu ya Calibre, ligawe faili la tanbihi sura kwa sura. Programu itarekebisha viungo yenyewe. Hutaki kuhariri? Kigeuze EPUB kwenda EPUB humohumo. Calibre hukata mafaili yanayozidi KB 260. Mwenye kifaa cha Kobo ajaribu muundo wa kepub. Anayeweza kuweka programu ya KOReader awashe tanbihi za kidirisha, asihamishwe ukurasa. Kitabu kikiwa na kufuli, mwandikie mchapishaji.

Nanyi wachapishaji, EPUB 3 imekuwa na alama maalumu ya kutambulisha tanbihi tangu 2011. Itumieni, wekeni tanbihi za kila sura katika faili la sura hiyo, na kiungo cha kwenda kiwe na cha kurudi. Msomaji amelipia kitabu kizima, tanbihi zikiwemo. Asiadhibiwe kwa kutaka kuzisoma.