Nilimchora Mke Wangu, Nikaona Kazi ya Mama Mkwe

Hebu jiulize, mara ya mwisho ulimwangalia mwenzako kwa dakika kumi mfululizo ni lini? Siyo kumtupia jicho huku unabonyeza simu. Kumwangalia.

Mimi nililazimishwa na penseli. Tunakaa Kikatiti, kazi ziko Arusha mjini, kwa hiyo kila siku ni daladala kwenda na kurudi, na jioni kila mtu kachoka na simu yake mkononi. Mwaka jana nikanunua daftari lisilo na mistari na penseli ya 2B, nikasema najifunza kuchora. Nilianza na Mlima Meru, maana uko pale pale na haulalamiki. Kasheshe ilikuja nilipomwomba mke wangu avae mkufu wa shanga aliotungiwa na mama yake.

Kuna kisa hapo. Mke wangu ni Mmaasai wa Monduli. Siku moja alitaka kuuvaa mkufu huo, ule mpana wa shingoni, kwenye sherehe ya ofisini kwetu. Nikamwambia, "Mama, si tutaonekana tunakwenda kuwachezea watalii ngoma?" Hakujibu. Aliuvua, akaurudisha sandukuni, ukakaa humo miaka miwili.

Basi akakaa barazani, nami nikachora duara. Ikawa kama sahani inayoning'inia kidevuni! Ndilo kosa la wanafunzi wengi: nilichora ninachokijua, siyo ninachokiona. Mkufu ukiwa mezani ni duara. Ukiwa shingoni, ukiutazama kwa mbele, ni kama yai lililolala. Nikafuta, nikaanza kuhesabu mistari.

Hapo ndipo kichwa kilipouma. Shanga zinatungwa kwenye waya, mzunguko baada ya mzunguko, kila wa nje ukidai shanga nyingi kuliko wa ndani, na bado rangi zinakutana panapotakiwa. Hakuna karatasi wala rula. Hesabu yote iko kichwani mwa mama. Wanawake wa Kimaasai walianza na mbegu, udongo, mifupa na chuma. Shanga za kioo kutoka Ulaya zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, wakazigeuza zao.

Kuna jambo linaniudhi siku hizi. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini picha za mtindo wake zinabeba jina lake mpaka leo, na ni haki yake. Mkufu wa shanga mara nyingi unauzwa bila jina la aliyeutunga, na mteja anaomba apunguziwe. Na mimi nimeshaomba, tena bila aibu.

Nilipomaliza, mke wangu alichukua daftari, akatazama kwa muda. "Umekosea. Hapa mama aliweka mistari miwili ya nyeupe, wewe umeweka mmoja." Akachukua penseli, akarekebisha mwenyewe.

Halafu akauliza, "Ile sherehe ya ofisini kwenu, mwaka huu ni lini?"

Nikamtajia tarehe.