Lami ya Tipa 16 Imeenda Wapi?

Tangu barabara ya kutoka getini hadi mabwenini ianze kuwekwa lami, kila kijiwe hapa chuoni kina mhandisi wake. Hoja inayovuma zaidi ni hii: tumehesabu tipa 16 zikiingia, bodi la kila tipa linabeba kama mita 10 za ujazo, jumla 160. Barabara ina urefu wa mita 420, upana wa mita 6, na lami ni unene wa milimita 50. Zidisha 420 kwa 6 kwa 0.05, unapata mita za ujazo 126. Zile 34 ziko wapi? Jamani, tumepigwa!

Mimi nasoma ualimu wa hisabati na fizikia, si uhandisi, ila nimekaa na wenzetu wa ujenzi mpaka nikaelewa. Naandika kwa sababu serikali ya wanafunzi itakuwa na wajumbe kwenye kikao cha kupokea barabara hiyo, na nisingependa waingie na swali la tipa. Watajibiwa kwa sentensi moja na kunyamazishwa, wakati swali la maana lipo.

Sentensi yenyewe ni hii: lami iliyo kwenye tipa bado haijashindiliwa. Aliyewahi kununua mahindi kwa debe anajua. Muuzaji akijaza bila kutikisa, debe linajaa upesi. Ukilitikisa, mahindi yanashuka na unadai yaongezwe. Lami nzito ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe vilivyopakwa lami ya moto, na katikati yake kuna hewa nyingi. Ili upate milimita 50 baada ya rola kupita, mtambo hutandaza takriban 62. Kwa hiyo mita 126 za barabarani zilihitaji zaidi ya mita 150 kwenye tipa, na zile zilizobaki ni akiba ya kawaida kwa ajili ya kingo, mabaki na makosa ya kutandaza. Hakuna aliyeiba hewa.

Ndiyo maana lami hununuliwa kwa tani, haiuzwi kwa debe. Unachukua ujazo wa barabara iliyokamilika, unazidisha kwa densiti, yaani tani ngapi zimo ndani ya mita moja ya ujazo. Lami nzito iliyoshindiliwa vizuri huwa na tani 2.3 hadi 2.4, tutumie 2.35. Hapo 126 mara 2.35 ni tani 296.1. Ongeza asilimia 5 ya akiba, unafika karibu tani 311. Gawa kwa tipa 16: kila moja imebeba tani 19 na ushee. Risiti za mizani zitathibitisha au kukanusha, si idadi ya tipa.

Kuna jambo dogo linaloharibu makadirio haya kuliko hata bei ya mafuta. Tabaka la chini likiwa na mabonde, lami itayajaza. Tabaka hilo likishuka kwa wastani wa milimita 5 tu, unahitaji mita 12.6 za ujazo zaidi, karibu tani 30. Fedha hizo zinafukiwa na hakuna atakayeziona. Sasa hapo mkandarasi ana vishawishi viwili: aagize nyongeza, au atandaze lami nyembamba pale palipoinuka.

Lakini kishawishi kikubwa zaidi rula haikioni. Tuseme mchanganyiko huu usingekuwa na hewa hata chembe. Densiti yake ingekuwa 2.5. Tunapopata 2.35 maana yake tumefika asilimia 94, hewa imebaki 6. Sasa tuseme rola limepita mara chache, tumefika asilimia 90 tu. Densiti ni 2.25. Unene ni uleule milimita 50, rangi ileile nyeusi, bajaji zinateleza juu yake vizuri tu. Ila 126 mara 2.25 ni tani 283.5. Tani 12.6 hazipo, na kila anayepima kwa rula atasaini kwamba barabara imetimia.

Tani hizo si hasara ya fedha peke yake. Hewa ikizidi kama asilimia 8, vitundu huanza kuungana na maji yanapenya. Maji yanaishambulia gundi iliyoshika kokoto, na hewa nayo inaikausha lami mpaka inakuwa ngumu na kupasuka. Kanuni ya mkato wanayoitumia wahandisi ni kwamba kila asilimia moja ya hewa inayozidi 7 hupunguza takriban sehemu moja ya kumi ya maisha ya barabara. Kile kipande cha karibu na zahanati yetu kilichoanza kumwaga kokoto baada ya masika moja tu, sisemi ndicho kilichotokea, ila dalili ni hizihizi.

Msidhani basi hewa ikiisha kabisa ndiyo bora. Ikishuka chini ya asilimia 3 hivi, lami hukosa pa kukimbilia jua likiwaka, inakuwa laini na magurudumu yanachimba mifereji. Mliopanda Kitonga nyuma ya malori mnaelewa mzigo mzito unaokwenda polepole unavyoielemea barabara.

Kushindilia kuna saa yake. Lami huanza kupitiwa na rola ikiwa na nyuzi joto 140 hivi, na ikishuka kuelekea 80 imekwisha, unaweza kulizungusha rola mpaka jioni lisifanye kitu zaidi ya kuvunja kokoto. Tabaka la milimita 50 hupoa haraka, zaidi kukiwa na upepo. Kwa hiyo tipa iliyokwama kwenye foleni na mzigo wake ni ya kutiliwa shaka kuliko tipa iliyozidi hesabu.

Tutajuaje sasa? Kwa Archimedes, yuleyule wa kidato cha kwanza mliyemkariri kwa ajili ya mtihani. Inatobolewa barabara na kutolewa kipande cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 100. Tuseme hewani kina gramu 920, kikizamishwa majini kinasoma 528. Tofauti ni 392, na ndio ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa 920 kwa 392: 2.347. Maabara hupima pia kikiwa kimeloa ili kuwa na uhakika, lakini wazo ni hilo. Gawa tena kwa 2.5, unapata asilimia 93.9. Hicho kipande kimefaulu. Na unene wake unaupima hapohapo kwa rula, bure.

Kwa hiyo wajumbe wetu waombe karatasi za mizani na matokeo ya vipande hivyo, kisha waulize nani alichagua pa kutoboa. Katikati ya njia, rola lilipopita mara nyingi, kila kipande hufaulu. Maeneo yachaguliwe kwa kura, na angalau kimoja kitoke kwenye maungio ya pande mbili za barabara, kingine pembeni karibu na ukingo, kwa sababu huko ndiko lami hupoa kwanza.