Magari Mchangani

Wiki hii naomba tuzungumzie magari ufukweni. Siku za Jumapili na sikukuu, kuanzia Mbweni upande wa Kinondoni hadi Mjimwema kule Kigamboni, utayaona yakishuka mchangani, muziki juu, watoto wakikimbia kuyakwepa. Wenyewe hudai kwamba mchanga ni mchanga tu, hauna cha kuharibika.

Unacho. Sehemu ya chini ya ufukwe huoshwa na maji kila siku, na alama za matairi hufutika. Ile ya juu, iliyo kavu, ndiyo yenye kazi. Hapo huota mlakasa, mmea utambaao wenye maua ya zambarau, ambao huushika mchanga. Matairi yakiukata, mchanga hulegea na bamvua hulamba. Wakazi wa Kunduchi hawahitaji kuelezwa: bahari imekwisha kula majengo kwao, ikiwemo hoteli ya Africana, na wachimba mchanga wa mito ya Mbezi na Tegeta walichangia. Nakubali kwamba gari halina madhara makubwa kama koleo la mchimba mchanga. Lakini mgonjwa habebeshwi gunia.

Huko kusini, Mbutu, Kimbiji na Buyuni, zamani Temeke na sasa Wilaya ya Kigamboni, kasa hupanda usiku kutaga. Shimo moja huweza kuwa na mayai 100 na zaidi, yakangojea kama miezi miwili, na juu yake huoni kitu. Gari likipita, mchanga hushindiliwa na vifaranga hushindwa kujichimbua. Vinavyotoka, vyenye urefu wa sentimita 5 hivi, hukuta mfereji wa tairi ambao kwao ni korongo. Huufuata badala ya kuuvuka, na kukipambazuka kunguru wamefika. Taa za gari nazo huvipoteza, kwani vifaranga huelekea penye mwanga, na usiku wa kawaida mwanga uko baharini. Tangu mwaka 2001 shirika la Sea Sense limekuwa likishirikiana na wanavijiji kulinda viota. Kazi ya miezi miwili huharibiwa na dereva mmoja kwa dakika moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa hiyo liache gari barabarani, utembee. Mwenye boti ya kushusha apite njia iliyokwisha kupitwa, hadi mchanga mbichi, kwa mwendo wa mtu atembeaye, na awaombe njia wenye ngalawa. Usiku asishuke kabisa. Kuosha gari baharini ni kumwaga oili penye samaki, na chumvi italila gari lenyewe.

Tena tazama mwezi. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda zaidi ya mita 3 kwa muda wa saa sita hivi. Aliyeegesha pakavu saa sita mchana huyakuta mlangoni saa kumi. Wa kumvuta ni wale wale wavuvi ambao asubuhi alizikanyaga nyavu zao, na bei huipanga wao.