Kabla ya Samatta: Sunday Manara na mlango wa Uholanzi

Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongee kabumbu.

Jumamosi moja jioni nilikuwa banda umiza hapa kwetu Kabanga, si mbali na yanapopanga foleni malori yanayovuka kwenda Kobero, upande wa Burundi. Mechi ilikuwa mapumziko. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amevaa jezi ya rangi ya chungwa, ile ya Uholanzi, mgongoni imeandikwa Van Dijk. Ubishi ukaanza: Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa Ulaya ni nani? Banda zima likajibu kwa pamoja: Samatta!

Mzee mmoja aliyekaa pembeni akasema taratibu, "Sunday." Vijana wakaangua kicheko. "Mzee wetu, leo Jumamosi bwana!" Mzee akatikisa kichwa, akamalizia chai yake, akanyamaza.

Nilirudi nyumbani na aibu. Mzee alikuwa sahihi, mimi nilijua kwamba yuko sahihi, na sikumtetea. Basi naandika leo kulipa deni hilo.

Jibu ni hili: Sunday Manara, yule aliyeitwa "Kompyuta", kiungo mshambuliaji wa Yanga na Taifa Stars. Mwaka 1977 alikwenda Uholanzi kuchezea Heracles ya mji wa Almelo. Samatta alitua Genk ya Ubelgiji Januari 2016. Piga hesabu mwenyewe, ni miaka 39. Vijana wengi wanamjua Haji Manara, msemaji wa Simba aliyehamia Yanga mwaka 2021 akazua zogo nchi nzima. Sunday ndiye baba yake mzazi.

Lakini kutaja jina tu haitoshi. Kuna maswali mawili. Kwanza, iliwezekanaje mwaka ule klabu ya Uholanzi imchukue Mwafrika? Pili, kwa nini baada yake ilichukua miaka mingi hivyo? Kujibu la kwanza inabidi turudi nyuma, Uholanzi kwenyewe, maana mlango ule haukuwa wazi siku zote. Hata kwa Waholanzi wenyewe ulikuwa umefungwa.

WAHOLANZI WA MWANZO

Mpira Uholanzi ulianzia Haarlem, ambako kijana Pim Mulier anatajwa kuanzisha klabu ya HFC mwaka 1879. Chama cha mpira kikaja 1889. Timu ya taifa ilicheza mechi yake ya kwanza tarehe 30 Aprili 1905 mjini Antwerp dhidi ya Ubelgiji, ikashinda 4-1. Mabao yote manne alifunga mtu mmoja, Eddy de Neve. Huyu bwana hakuzaliwa Uholanzi. Alizaliwa Batavia, mji ambao leo tunauita Jakarta, kwenye koloni lao la Indonesia. Alikuwa askari, na alifariki mwaka 1943 akiwa kwenye kambi ya mateka ya Wajapani.

Nahodha na mhimili wa enzi zile alikuwa Bok de Korver wa Sparta ya Rotterdam, aliyechukua medali ya shaba ya Olimpiki mara mbili, London 1908 na Stockholm 1912. Wote hawa walicheza ridhaa. Hakuna mshahara, hakuna fedha ya usajili. Mchezaji ana kazi yake, jioni anakwenda mazoezini. Wakubwa wa chama waliona kwamba mtu kulipwa kwa kucheza mpira ni kuuchafua mchezo.

Sasa ona balaa lililofuata. Bep Bakhuys, naye mzaliwa wa Indonesia, alikuwa straika hatari kwelikweli: mechi 23 za taifa, mabao 28. Alikuwa anaruka kama samaki na kupiga mpira kwa kichwa karibu na majani, mpaka leo Waholanzi bao la namna hiyo wanaliita kwa jina lake. Mwaka 1937 akakubali kwenda Metz ya Ufaransa kucheza kwa malipo. Chama kikamfungia vioo timu ya taifa. Akaja Faas Wilkes wa Rotterdam, mafundi wa chenga wanamheshimu hadi leo. Mwaka 1949 akaenda Inter ya Milan. Naye akawekwa kando miaka kadhaa. Jumla ya mabao yake 35 kwa nchi yake haikupitwa hadi alipokuja Dennis Bergkamp mwaka 1998. Fikiria mtu wa namna hiyo unamwacha nje kwa sababu tu analipwa!

Kilichowafumbua macho ni msiba. Februari 1953 bahari ilivunja kingo na kufurika, watu zaidi ya 1,800 wakafa Uholanzi. Wachezaji wa Kiholanzi waliokuwa wakilipwa nje, wale wale waliotengwa, wakajikusanya na kucheza na Ufaransa mjini Paris tarehe 12 Machi 1953 kuchangia waathirika. Wakashinda 2-1. Wananchi wakajiuliza: hivi hawa ndio tunaowaita wasaliti? Mwaka uliofuata, 1954, mpira wa kulipwa ukaruhusiwa. Miaka 20 baadaye Uholanzi wako fainali ya Kombe la Dunia, 1974, na wakarudi tena fainali 1978.

MWAFRIKA WA KWANZA ALMELO

Mlango ulipofunguliwa kwa Waholanzi, ulifunguka na kwa wengine. Almelo ni mji mdogo wa viwanda vya nguo mashariki mwa Uholanzi, karibu na mpaka wa Ujerumani. Yaani kama sisi Kabanga, ni watu wa mpakani. Klabu yao Heracles ilianzishwa mwaka 1903. Mwaka 1957 ilimchukua Steve Mokone kutoka Afrika Kusini, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa Coventry ya Uingereza. Serikali ya makaburu ilimsotesha kumpa pasipoti. Alipofika Almelo uwanja ulijaa, na mwaka 1958 Heracles ikachukua ubingwa wa kundi lake katika daraja la tatu. Wakambatiza "Kimondo Cheusi".

Kwa hiyo Sunday Manara alipofika mwaka 1977, watu wazima wa Almelo walishamwona Mwafrika akiwachezea na kuwafurahisha miaka 20 nyuma. Hili nadhani ni jambo kubwa. Wa kwanza akifanya vizuri, wa pili anapokelewa kwa tabasamu.

KOMPYUTA ALIKUWA NANI?

Huku nyumbani Sunday alikuwa ameshamaliza kila kitu. Familia nzima ilikuwa ya mpira. Kaka yake Kitwana, maarufu kama Popat, alianza kama kipa kisha akageuka mshambuliaji, jambo ambalo ukiwaambia vijana wa leo wanadhani unawatania. Mdogo wao Kassim naye alikuja kucheza Austria.

Mechi inayotajwa zaidi ilichezwa kanda yetu hii ya Ziwa. Agosti 10, 1974, uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Simba na Yanga wanagombea ubingwa wa taifa. Simba walitangulia mapema kwa bao la Adam Sabu. Wana Msimbazi wakaanza kushangilia ubingwa. Dakika za lala salama Gibson Sembuli akasawazisha. Zikaongezwa dakika 30, na Sunday Manara akafunga la pili. Yanga bingwa, 2-1. Wazee wanasema ile ndiyo Simba na Yanga kali kuliko zote, na mzee wetu wa pale bandani anaisimulia kama vile alikuwa na redio sikioni jana. Siku hizi kutoka hapa kwenda Mwanza unapita Biharamulo na Geita, unavuka ziwa juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025. Enzi zile ni kivuko na vumbi, kwa hiyo wengi wetu huku mechi tuliipata kwa redio tu.

Mwaka 1975 Yanga ikachukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati huko Zanzibar, ikiifunga Simba hiyo hiyo 2-0. Halafu ndiyo yakaja mambo ya Uholanzi.

Tusitie chumvi. Heracles wakati ule ilikuwa daraja la pili, haikuwa Ajax wala Feyenoord. Lakini angalia mwaka wenyewe: 1977, katikati ya fainali mbili za Kombe la Dunia ambazo Uholanzi ilicheza. Daraja la pili la nchi ya namna hiyo si la mchezo. Na huyu katoka kwenye ligi ya ridhaa, ambako mchezaji ana ajira yake kwenye shirika la umma au kiwandani na mpira ni baada ya kazi. Baada ya Heracles akaenda New York Eagles ya Marekani, kisha St. Veit ya Austria, kisha Al Nasr ya Dubai. Nchi nne, mabara matatu, enzi ambazo simu ya kupiga nje ya nchi unaagizia posta.

KWA NINI MIAKA 39?

Hapa ndipo penye somo. Uholanzi walipoona wachezaji wao wanaondoka, kwanza waliwaadhibu, kisha wakapata akili wakabadilisha mpira wa ndani. Wakaruhusu mishahara, wakaruhusu mikataba, mchezaji akaanza kuishi kwa mpira. Sisi Sunday aliondoka, tukapiga makofi, tukarudi kwenye ridhaa yetu kama kawaida. Waliomfuata waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na njia yake. Wengi waliishia Oman na nchi za Ghuba. Renatus Njohole alifika Uswisi akachezea Yverdon. Hata majirani zetu wa hapa ng'ambo walitutangulia: Nonda Shabani, mzaliwa wa Bujumbura, alipita Yanga kabla ya kwenda Afrika Kusini, Uswisi na Ufaransa, na mwaka 2004 alikuwa na Monaco kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Na Samatta mwenyewe hakuruka moja kwa moja kutoka Dar. Alitoka African Lyon, akapita Simba, na mwaka 2011 akanunuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, klabu yenye fedha na utaratibu. Ni Kongo ndiko alikoonekana na Ulaya. Baada ya hapo ikawa historia: ubingwa wa Ubelgiji 2019 akiwa na mabao 23 ya ligi, kisha Januari 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza. Sitaki mtu aniambie namshusha Samatta. Hapana. Kafanya makubwa kuliko wote. Nasema tu kwamba kipaji kilikuwepo tangu 1977. Kilichokosekana ni njia.

TUNAWAKUMBUKA VIPI?

La mwisho, ndilo linaloniuma. Steve Mokone naye alisahaulika muda mrefu kule Almelo. Mwaka 1992 mwandishi Tom Egbers akamwandikia kitabu, na mwaka 2000 ikatoka filamu. Mokone alifariki mwaka 2015, na mtoto wa Almelo leo anaweza kujua habari zake bila kumsubiri babu yake azisimulie. Hiyo ni klabu ya mji mdogo wa mpakani, inamkumbuka mgeni.

Sisi Kompyuta ni mtoto wetu wenyewe, na kwenye banda umiza jina lake linachekwa kama siku ya wiki. Waliomwona akicheza kwa macho yao wanazidi kupungua kila mwaka. Kuandika hakuhitaji bajeti ya wizara. Kijana mwenye simu anaweza kukaa na mzee nusu saa akamrekodi. Mwalimu wa michezo anaweza kuwaambia watoto kabla ya mazoezi. Mtoto anayecheza pekupeku hapa Kabanga akijua kwamba mtu alitoka kwenye viwanja kama hivi akafika Uholanzi kabla ya yeye na baba yake kuzaliwa, hata ndoto yake inabadilika.

Jumamosi iliyofuata nilirudi bandani. Nikamkuta mzee, nikampa shikamoo, nikamwagizia chai, nikamwomba msamaha mbele ya vijana. Halafu nikawaambia wampe nafasi asimulie Nyamagana 1974. Alisimulia mapumziko yote, na mechi ilipoanza tena, yule wa jezi ya chungwa alikuwa bado kageukia kwake.

Mwenye picha au kumbukumbu ya enzi za Kompyuta asikae nazo kabatini, azilete tuzione wote.

Nawasilisha.