Flower Msuya na mwani wa Zanzibar

Dkt. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ametumia miaka mingi kuchunguza mwani. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani. Wakulima wengi ni wanawake: maji yakipwa, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizonyooshwa baina ya vigingi. Bahari ilipozidi joto, kotonii, aina yenye bei nzuri, ikawa inakufa pwani, ikabaki aina nyingine, spinosamu. Ili kuinusuru kotonii, Msuya akajaribu kuilima ndani ya nyavu za mfano wa bomba kwenye maji marefu. Kubwa zaidi, aliwafundisha akina mama kuusaga mwani wao kuwa unga. Katika kijiji cha Kidoti, unga huo hutiwa kwenye sabuni.