Sayansi isikike kwa Kiswahili

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wasomi wetu kwamba sayansi ni taaluma ya ubao na maabara; kwamba haiwezi kuelezwa kwa mdomo mtupu, seuze kwa Kiswahili. Dhana hiyo imetugharimu mengi. Wanafunzi wetu wa sekondari husoma fizikia, kemia na biolojia kwa Kiingereza na kufaulu mtihani, lakini wakirudi nyumbani hushindwa kumweleza nyanya yao ni kwa nini maharagwe yake hayaivi upesi.

Hebu tulichukue swali hilo la maharagwe. Mpishi aliyehamia Nairobi kutoka Mombasa hugundua mara moja kwamba githeri ya huku bara humaliza makaa. Tuseme amepiga simu redioni, na mtaalamu wa fizikia yumo studioni. Atajibiwa kwamba Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwamba hewa ya huku ni haba na shinikizo lake ni dogo. Kwa hivyo maji hutokota yakifikia nyuzi 94 hivi, badala ya 100 za pwani, na chakula hupikika katika maji yenye joto pungufu.

Hapo mtangazaji hodari humkatiza: "Shinikizo? Ni kama lile la damu?" Naye mtaalamu hulazimika kufafanua kwamba wazo ni lilo hilo. Damu husukuma kuta za mishipa, nayo hewa husukuma uso wa maji. Msukumo huo ukipungua, mvuke hupata njia ya kutoka mapema. Kwa dakika mbili tu msikilizaji amepata jibu la jikoni, na neno alilolijua la hospitalini limepanuka maana.

Hilo ndilo linalonivutia mimi kama mwanaisimu. Katika mhadhara msemaji ni mmoja, na anaweza kujikinga kwa mchoro au mlinganyo. Katika mazungumzo ya redio hana chaki. Akitamka neno lisiloeleweka huulizwa papo hapo, na hubidi atafute tashbihi au mfano. Mtu asiyeweza kufanya hivyo hatuna budi kushuku kama ameielewa vyema mada yake.

Wenzetu wamekwisha kulitambua jambo hili. Huko Cambridge, Uingereza, daktari na mtaalamu wa virusi Chris Smith alianzisha mwaka wa 2001 kipindi cha The Naked Scientists, ambamo wataalamu hujadiliana kwa lugha nyepesi na kujibu maswali ya wasikilizaji. Wala si maswali ya jikoni pekee yanayofaa sikio. Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo iliyoko Marekani ilinasa mawimbi ya uvutano yaliyotokana na kuungana kwa mashimo meusi mawili katika anga za mbali. Wanasayansi waliyageuza mawimbi hayo kuwa sauti, na walimwengu wakasikia mlio mfupi unaopanda, mithili ya mlio wa ndege. Jambo ambalo hesabu zake huwashinda wengi lilipata mlango kupitia masikioni.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Wazungu. Mwaka wa 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, aliweka maziwa ya kutengenezea aiskrimu katika friji yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo mgeni aliyekuja kuhutubia, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alirudi akalijaribu katika maabara, na mwaka wa 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi hubishana kuhusu athari hiyo iitwayo kwa jina la Mpemba, na wapo wanaotilia shaka kama ipo. Lakini ubishi wote huo ulizaliwa na mazungumzo: kijana aliyethubutu kuuliza na mtaalamu aliyekubali kusikiliza.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Mwaka wa 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kasoro basi si ukosefu wa maneno, bali ni kwamba mengi kati yake hayajawahi kutamkwa mbele ya umma. Neno hukomaa kinywani. Tazama "barakoa": zamani ilikuwa utaji wa uso wa wanawake wa pwani. Korona ilipoingia mwaka wa 2020, watangazaji walilitumia neno hilo kila siku, na hadi sokoni likazoeleka. Sioni ni kwa nini "usanisinuru" lisipewe nafasi kama hiyo. Atakayelisikia likielezwa kuwa ni namna jani linavyotumia nuru kujiundia chakula hatalisahau.

Ni kweli kwamba kurahisisha kuna hatari ya kupotosha. Ila dawa yake si kunyamaza. Ni kumwalika mtaalamu halisi, na kumpa mtangazaji aliyejiandaa uhuru wa kumhoji.

Nawasihi basi wahadhiri wenzangu wa sayansi wakubali kuzungumza hewani kwa Kiswahili, hata kama watakwama hapa na pale. Walimu nao wasingoje studio. Simu ya mkononi hunasa sauti. Wanafunzi na wamhoji daktari wa zahanati, fundi wa umeme au afisa wa kilimo, kisha darasa lisikilize na kuyajadili maneno yaliyotumika. Mwalimu wa Kiswahili na yule wa fizikia watakuwa wamefundisha somo moja. Nanyi wanafunzi, lisiwatishe swali linalochekesha darasa. Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo; nami naongeza kwamba taifa lisilouliza kwa lugha yake litabaki kungoja majibu ya wengine.