Kabla ya kuskani kitabu, uliza mwandishi alifariki lini

ARUA. Mteja akipeleka kitabu kwenye duka la fotokopi mtaani Oli, swali la kwanza huwa ni kurasa ngapi. Kitabu kikiletwa kiskaniwe kwa ajili ya maktaba ya wasioona, lipo swali linalotangulia: hakimiliki ni ya nani?

Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kenya na Tanzania hutumia hesabu hiyo hiyo. Kwa hiyo maandishi ya Shaaban Robert, aliyefariki 1962, ulinzi wake umekwisha. Ya Okot p'Bitek, aliyefariki 1982, bado yanalindwa hadi 2032.

Wengi hukosea hapa. Mwaka uliochapwa ukurasa wa mbele si mwaka wa kifo. Kitabu kutopatikana madukani hakukifanyi kuwa cha bure. Tena, tafsiri ina haki zake, na utangulizi mpya au picha zilizoongezwa vinaweza kuwa na mwenyewe mwingine.

Je, kitabu kinacholindwa hakiguswi? La. Sheria ya 2006 inaruhusu kugeuza kitabu kuwa nukta nundu kwa elimu ya watu wenye ulemavu. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Uganda ilijiunga nao 2018, unakwenda mbali zaidi: unahusu pia vitabu vya kusikiliza na vya kompyuta, mradi taasisi inayovitengeneza haitafuti faida na vinawafikia walengwa tu.

Kwa mwenye duka, tahadhari ni rahisi. Adai barua ya shule au maktaba iliyomtuma, na faili lisibaki kwenye kompyuta yake. Faili hilo hilo likiuzwa sokoni kwa flashi, huo ni wizi wa kazi ya mtu.

Mpakani kuna nafuu. Kenya ilijiunga 2017 na Tanzania 2020, hivyo nakala iliyotengenezwa na taasisi ya Nairobi inaweza kutumwa kwa maktaba ya Arua bila kuskani upya. Ruhusa hiyo ni baina ya nchi wanachama. Anayevuka Vurra kuingia Congo au Oraba kwenda Sudan Kusini aulize kwanza.

Kuuliza huchukua dakika chache. Kutouliza kunaweza kumgharimu mwenye duka kesi, na mwanafunzi asiyeona akakosa kitabu.